Ryzen au Core, GB 8 au 16, DDR4 au DDR5: kipi uchukue ukijenga kompyuta ya gemu

Watu wengi wakitaka kujenga kompyuta ya gemu wanaanza na swali moja, prosesa gani kali saa hizi na kadi gani kali saa hizi, halafu wanachukua ya juu kwenye orodha hii na ya juu kwenye orodha ile wanaunganisha, gemu likianza kukwamakwama wanashangaa mbona hela imeenda na raha haijaja. Mimi naanzia kwengine kabisa. Ndani ya hiyo mashine nani atakuwa anamsubiri nani? Maana gemu ni kazi ya wawili, prosesa inapiga hesabu adui yuko wapi, risasi imepita wapi, gari limegonga nini, halafu inaikabidhi kadi ya grafiki maagizo, kadi inachora fremu (picha moja kamili) na kuirusha kwenye kioo. Mmoja akiwa mzito mwenzake anakaa bure, na hela uliyomlipia huyo aliyekaa bure ndo hela iliyopotea.

Kwa hiyo kabla hujalinganisha kitu chochote kiangalie kioo. Kioo cha 1080p kina pikseli (nukta za picha) 2,073,600, cha 1440p kina 3,686,400, na cha 4K kina 8,294,400 ambayo ni mara nne kamili ya 1080p. Pikseli zikiongezeka anayebeba mzigo ni kadi, prosesa haiumii sana kwa sababu hesabu ya risasi ni ile ile kioo kiwe kidogo kiwe kikubwa. Ila geuza upande wa pili: ukicheza 1080p kwenye kioo cha Hz 240, yaani kinachobadilisha picha mara 240 kwa sekunde, unahitaji fremu mpya kila baada ya milisekunde 4.2, wakati kwa Hz 60 ilikuwa milisekunde 16.7, sasa hapo prosesa ndo inatoka jasho na kadi ya kawaida tu inaweza kutosha.

Kama una mashine ya zamani pima kwanza. Fungua gemu unalolicheza sana, shusha rezolusheni mpaka chini kabisa, uangalie fremu. Zikiruka juu ujue kadi ndo ilikuwa inachelewesha. Zikibaki pale pale tatizo ni prosesa au ramu (kumbukumbu ya kazi ya mashine), na hapo hata ununue kadi kubwa namna gani picha itapendeza zaidi lakini fremu hazitaongezeka. Hili nimelipitia mwenyewe, nilibadilisha kadi nikakaa wiki nzima naweka na kutoa draiva (programu inayoendesha kadi) nikidhani kadi ni mbovu, kumbe prosesa yangu ya kori 4 (kori ndo vichwa vya kazi ndani ya prosesa) ndo ilikuwa imefika mwisho wa uwezo wake, kipimo cha dakika tano kingeniokoa.

PROSESA

Tuanze chini. Ryzen 5 5600 ya AMD na Core i5-12400F ya Intel, zote zina kori 6 na nyuzi 12 (yaani zinashika kazi 12 kwa wakati mmoja), na kwenye gemu zinakaribiana sana kiasi kwamba mimi ningechagua kwa kuangalia mazabodi (bodi kuu inayobeba vyote) na ramu, sio prosesa yenyewe. Kama tayari una ramu za DDR4 (kizazi cha kabla ya DDR5) zimekaa kwenye droo, zote mbili zinakubali, ila kwa 12400F angalia vizuri mazabodi maana soketi yake (pale prosesa inapokaa), LGA1700, ina mazabodi za DDR4 na mazabodi za DDR5 na haziingiliani, sloti zenyewe zimekatwa tofauti. Na hiyo herufi F mwishoni inamaanisha prosesa haina grafiki ya ndani, siku kadi ikigoma huna picha kabisa hata ya kufungua baiosi (setingi za mazabodi kabla ya Windows). Ryzen 5600 nayo haina. Ryzen 5 7600 inayo, ndogo, sio ya kuchezea gemu, lakini ya kuangalia tatizo liko wapi inatosha na mimi hicho kitu nakithamini sana.

Juu kidogo hapo ndo watu wanapogombana, Ryzen 5 7600 na Core i5-13600K au 14600K. Hizi za Intel zina kori 14 (6 kubwa na 8 ndogo) na nyuzi 20, 7600 ina 6 na 12. Kama unacheza huku unastrimu, au ukimaliza kucheza unaediti video, hizo kori ndogo zinafanya kazi ya kweli na Intel inakupa thamani. Kama ni gemu tu, kori za ziada zinakaa zinatazama. Halafu kuna soketi. 7600 inakaa kwenye AM5 iliyotoka 2022 na AMD wamesema wataiendeleza mpaka 2027 angalau, maana yake unanunua ya chini leo, miaka miwili baadaye unachomoa unaweka kali zaidi bila kugusa mazabodi. LGA1700 ilianza na kizazi cha 12 mwaka 2021 ikaishia cha 14, na zile Core Ultra 200 za Oktoba 2024 zinatumia LGA1851 na ni DDR5 peke yake.

Na kwa anayetaka kununua Core ya kizazi cha 13 au 14 iliyotumika, hapa naomba usikilize vizuri. Mwaka 2024 Intel walikubali wazi kwamba prosesa za kundi hilo, hasa zile za wati nyingi, zilikuwa zinajipa volti kubwa kuliko inavyotakiwa na zinachakaa mapema, gemu linajifunga ghafla bila sababu, wakatoa marekebisho kupitia baiosi na wakaongeza waranti kwa miaka miwili. Marekebisho yanazuia, hayaponyi. Iliyokwisha kuumia imeumia. Ukinunua mpya wewe weka baiosi ya karibuni kabla hujaanza kucheza na utakuwa sawa, ila iliyotumika ambayo hujui mwenye nayo aliiendeshaje mimi siigusi.

Sasa X3D, yaani prosesa za AMD zenye keshi ya ziada. Ryzen 5 7600 ina MB 32 za keshi ya L3, Ryzen 7 7800X3D ina MB 96. Keshi ni kumbukumbu iliyo ndani ya prosesa yenyewe, prosesa ikikosa kitu humo inabidi iende mpaka kwenye ramu na ile safari ni ndefu kwake, na gemu linauliza vitu vidogo vidogo mara nyingi mno kwa hiyo kila safari iliyookolewa inaonekana. Kwenye Microsoft Flight Simulator, kwenye gemu za kujenga miji, za mikakati, za mtandaoni zenye watu wengi sehemu moja, tofauti unaihisi kwa macho, sio wastani wa fremu tu bali kule kukwama ghafla kunapungua. 9800X3D ya Novemba 2024 ni kali zaidi kwa sababu safari hii keshi wameiweka chini ya kori badala ya juu, joto linatoka vizuri na kori zinakimbia zaidi. Lakini, na hii ni lakini kubwa, ukiwa na kioo cha 4K na kadi ya kati, X3D itakuwa inasubiri kadi saa zote na hutaona faida yoyote. Na usivutwe na 7950X3D yenye kori 16 kama ni gemu tu, keshi ya ziada iko kwenye nusu moja yenye kori 8, gemu halipati la maana kuliko kwenye 7800X3D.

KADI YA GRAFIKI

Hapa ndo hela nyingi iende, kwa mtu wa 1440p na kuendelea naona hata kuipa kadi karibu nusu ya bajeti ya mashine sio vibaya. Na hapa ndo kuna mtego mmoja unaniumiza roho kila nikiona mtu ameingia.

RTX 5060 Ti iko ya GB 8 na ya GB 16. RX 9060 XT hivyo hivyo, GB 8 na GB 16. Chipu ni ile ile, jina ni lile lile, boksi linafanana, tofauti ni VRAM tu, yaani kumbukumbu ya kadi yenyewe. Mtu anaona ya GB 8 ina nafuu anaichukua, anapima kwenye gemu la miaka mitano nyuma anaona zote sawa, anafurahi. Halafu anaweka gemu jipya, anapandisha teksicha (sura za kuta na vitu) juu, VRAM inajaa. Ikijaa kadi inaanza kuchukua vitu kutoka kwenye ramu ya kawaida kupitia PCIe, njia inayounganisha kadi na mazabodi, ambayo ni nyembamba mno ukilinganisha na VRAM yake, ndo unaona picha inaganda nusu sekunde ukigeuka, au ukuta unabaki na ukungu ukungu na haukamiliki. Chipu ina nguvu ya kuchora ila haina pa kuweka vitu. Yaani unalipia injini halafu unanyimwa tenki.

Na kuna jambo ndani ya jambo. 5060 Ti inatumia njia 8 za PCIe, 9060 XT inatumia 16. Kwenye mazabodi mpya hutajali, lakini ukiichomeka 5060 Ti kwenye mazabodi ya zamani ya PCIe 3.0 kama B450, njia ya kwenda kwenye ramu inabaki takriban GB 8 kwa sekunde, wakati yenye njia 16 ingepata mara mbili. Sasa chukua GB 8 za VRAM zilizojaa, weka na njia nyembamba, unapata mkwamo juu ya mkwamo. Kwa mwenye mazabodi ya zamani anayetaka kuongeza kadi tu, mimi naweka 9060 XT ya GB 16 mbele bila kusita. Ya GB 8 ninaielewa kwa mtu mmoja tu, yule wa 1080p anayecheza Counter-Strike 2 na Valorant na kushusha setingi zote ili apate fremu nyingi, huyo kweli haiji kumsumbua.

Intel Arc B580 nayo ina GB 12 na ni kadi nzuri ya bajeti ya chini, ila ina masharti. Lazima ile setingi ya baiosi inayoandikwa Resizable BAR iwe imewashwa la sivyo inaporomoka vibaya, na draiva yake inaitumikisha prosesa kuliko za wenzake. Tunarudi kwa nani anamsubiri nani: ukiiweka na prosesa ya zamani ya kori 6, kadi inakaa inasubiri maagizo na fremu zinashuka. Kwa hiyo B580 iende na prosesa mpya, isiende kufufua mashine ya zamani, ambayo ndo kazi watu wengi wanaipa.

Tukipanda kwenye 1440p ya kweli wanakutana RTX 5070 na RX 9070. 5070 ina GB 12 za GDDR7, 9070 ina GB 16 za GDDR6, moja inavuta wati 250 nyingine 220. Kwenye uchoraji wa kawaida zinakimbizana. NVIDIA inashinda kwa vitu vya pembeni: DLSS ya kukuza picha iliyochorwa ndogo inapatikana kwenye gemu nyingi, rei tresingi (mwanga na vivuli vya kupigiwa hesabu) nzito kama ya Cyberpunk 2077 inaibeba vizuri zaidi, na kama unatumia Blender au programu zinazotaka CUDA (mfumo wa hesabu wa NVIDIA peke yao) basi mjadala umeisha, chukua NVIDIA. AMD kwenye RX 9000 walileta FSR 4, njia yao ya kukuza picha, na kwa mara ya kwanza picha yao iliyokuzwa inaweza kutazamwa karibu bila kulalamika, FSR za nyuma nilikuwa naona nywele na majani yanatetemeka. Kwa anayecheza tu na anataka kadi ikae naye miaka minne mitano, nachukua 9070 kwa ajili ya hizo GB 16. Ukiweza kufika 9070 XT fika, ila jiandae kwa wati 304.

Kitu kimoja kwenye matangazo. Kadi za NVIDIA za mfululizo wa 50 zinaweza kuweka fremu za kubuni kadhaa katikati ya mbili za kweli, namba inapaa sana kwenye karatasi. Fremu za kubuni zinalainisha macho, hazifanyi mkono wako usikilizwe haraka, kidhibiti kinasikilizwa kwa zile fremu za kweli tu. Zikiwa za kweli ni 60 au zaidi ni kitu kizuri na mimi natumia. Zikiwa 25 unapata picha laini inayoendeshwa kama uko ndani ya maji. Ukilinganisha kadi mbili linganisha fremu za kweli kwa za kweli.

RAMU

Vijiti viwili, sio kimoja. GB 16 kwa kijiti kimoja na GB 16 kwa vijiti viwili vya 8 ni vitu viwili tofauti kabisa, kimoja kinatumia njia moja na viwili vinatumia njia mbili kwa wakati mmoja. Kwa mashine mpya nasema GB 32, yaani 16 mara mbili.

DDR4 na DDR5 watu wanabishana sana kuhusu zile namba za CL (ramu inasubiri mizunguko mingapi kabla ya kujibu), wanaona DDR4 ya 3200 ina CL16 na DDR5 ya 6000 ina CL30 wanasema ya zamani ina haraka. Piga hesabu, CL mara 2000 gawa kwa spidi: 16 mara 2000 gawa kwa 3200 ni nanosekunde 10, na 30 mara 2000 gawa kwa 6000 ni nanosekunde 10. Kusubiri ni kule kule. Tofauti ni wingi wa mzigo, kwa njia mbili DDR4 3200 inapitisha mpaka GB 51.2 kwa sekunde na DDR5 6000 inapitisha 96. Kwa AM5 6000 CL30 ndo pazuri pa kusimama, za 8000 ni kujitafutia kazi. Na ukishaweka ingia baiosi uwashe EXPO au XMP (setingi ya kuipa ramu spidi iliyoandikwa kwenye boksi), bila hivyo ramu ya 6000 itatembea kwa 4800 au karibu na hapo na wala hakuna atakayekuambia, nimeona mashine za watu zimekaa hivyo tangu siku ya kwanza. Mazabodi ikiwa na sloti nne weka ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Usijaze zote nne ukiwa na DDR5, spidi itashuka.

Mazabodi yenyewe sina mengi. B650 au B850 na X670E au X870E (madaraja ya mazabodi za AM5, B ni ya kati na X ni ya juu), gemu halijui tofauti. Unalipia sloti za ziada za SSD (hifadhi ya mafaili isiyo na diski ya kuzunguka), USB nyingi, na mfumo wa umeme mkubwa kuliko prosesa ya kori 8 inavyohitaji. Tafuta B yenye hitsinki (chuma cha kutoa joto) kwenye sehemu ya umeme na kitufe cha kuweka baiosi bila prosesa, hicho kitufe kitakuokoa siku utakaponunua prosesa mpya kuliko mazabodi.

SSD pia haraka haraka: ya SATA inasoma kama MB 550 kwa sekunde, NVMe ya PCIe 3 kama 3,500, ya PCIe 4 kama 7,000, na za PCIe 5 zinapita 14,000. Kutoka diski ya kuzunguka kwenda SATA ni usiku na mchana. Kutoka SATA kwenda NVMe unaona kidogo. Kutoka PCIe 4 kwenda PCIe 5 kwenye gemu huoni, unaona joto tu. TB 1 ya PCIe 4 yenye chipu za TLC badala ya QLC (aina mbili za chipu za kuhifadhi), maliza.

PAWA SAPLAI

Kamba hukatikia pabovu na hapa ndo watu wanaweka pabovu. Ile stika ya 80 Plus, Bronze ni ufanisi wa asilimia 85 kwenye nusu ya mzigo na Gold ni 90, lakini inapima umeme unaopotea tu, haikuambii kama ndani kuna kinga ya kweli siku umeme ukiruka. Kwa hiyo Bronze ya kampuni inayojulikana kwa pawa saplai nzuri, yenye waranti ya miaka mingi, naiweka juu ya Gold isiyojulikana imetoka wapi. Wati 650 zinatosha 5070 au 9070 (ndivyo watengenezaji wenyewe wanavyopendekeza), 9070 XT wanasema 750.

Na waya. Pawa saplai za waya wa kuchomoa zinafanana upande wa kwenye mashine lakini upande wa kwenye boksi la umeme kila modeli ina mpangilio wake, hata modeli mbili za kampuni moja. Nilibadilisha pawa saplai nikaona uvivu kuvuta waya za zamani nikaziacha pale pale, zilichomekeka vizuri kabisa, nikawasha, SSD mbili zikafa papo hapo na picha za familia za miaka sita zikaondoka nazo. Chomoa zote. Tumia zilizokuja na pawa saplai hiyo hiyo. Na kwenye kadi zenye kile kiunganishi kidogo cha pini 16 sukuma mpaka mwisho usione hata uwazi wa ukucha, kwenye RTX 4090 vilikuwa vinayeyuka na wengi walikuwa hawajachomeka mpaka mwisho.

Kupoza, hewa au maji? Mpaka 7800X3D hewa inatosha, kipozeo cha minara miwili kama Peerless Assassin 120 kinaiweka vizuri tu na hakina pampu ya kufa. Maji yaende kwa kori 14 na zaidi zinazofanya kazi nzito saa nyingi. Keisi chukua yenye mbele ya wavu, yenye glasi mbele inapendeza ila inaziba hewa.

Nikichanganya vyote: wa 1080p anayeshindana na kioo cha Hz 240, 7800X3D na kadi ya GB 8, ndio, prosesa kubwa kadi ndogo. Wa 1440p anayecheza kila kitu, 7600 na 9070, huyu ndo wengi wetu. Wa 4K, 7600 ile ile na kadi kubwa kadri mfuko unavyofika, X3D aje nayo baadaye kwenye AM5 hiyo hiyo. Anayefufua mashine ya AM4 (soketi ya zamani ya AMD, ya Ryzen 5600 na B450), 9060 XT ya GB 16 na aache vingine.

Ukishafunga kila kitu na ni AM5, mara ya kwanza ukiwasha kioo kinaweza kubaki cheusi dakika kadhaa, mashine inajifunza ramu, usiizime, usichomoe kitu, kaa tu. Waya wa kioo uchomeke kwenye kadi na sio kwenye mazabodi. Halafu ukiingia Windows nenda setingi za kioo ubadilishe Hz, maana mara nyingi itakuwa imeanza na 60.